Mshahara wa kazi ya halmashauri: Jinsi ya kuujua kwa simu kabla hujaomba

Tangazo la kazi likitoka, steshenari za Ifakara hujaa. Vijana kutoka Kibaoni, Viwanja Sitini na Lipangalala hukaa kwenye benchi wakisubiri kuskani vyeti, huku swali likiwa lile lile: hiyo kazi inalipa shilingi ngapi?

Mara nyingi jibu hutoka kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja atasema laki nne, mwingine laki saba, wa tatu atatuma picha ya jedwali isiyo na tarehe. Kwa jibu la namna hiyo mtu anaacha kibarua cha miwa, anauza magunia ya mpunga ili apate nauli ya usaili, au anachukua mkopo akitegemea mshahara ambao hajauona.

Namna ya kujua ipo, na simu yenye bando inatosha. Kinachotakiwa ni kujua taarifa gani iko wapi, na ipi ya kuaminiwa.

Kwa ufupi

- Mshahara wa msingi wa mtumishi wa halmashauri hupangwa kitaifa. Ifakara na Dar es Salaam ni ule ule kwa cheo kile kile.
- Tangazo la kazi hutaja ngazi ya mshahara, si kiasi cha fedha.
- Jedwali lisilo na tarehe ya kuanza kutumika lisitumike kupanga maisha.
- Fedha inayofika mkononi ni pungufu ya iliyoandikwa, na makato yake yanaweza kukokotolewa mapema.

Ngazi moja kwa nchi nzima

Marekani kila jiji hujipangia mishahara yake. Ndiyo maana huko kuna kanzidata za mtandaoni zinazokusanya mishahara ya miji mbalimbali, ili mwombaji au meya alinganishe fundi bomba wa jiji hili na wa jiji lile.

Tanzania mambo ni tofauti. Mishahara ya watumishi wa Serikali za Mitaa inafuata ngazi zinazotolewa na Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, ambayo wengi huiita kwa kifupi Utumishi. Mtendaji wa Mtaa anayeanza kazi Halmashauri ya Mji wa Ifakara analipwa mshahara wa msingi sawa na mwenzake wa Kinondoni, Kigoma au Newala.

Kwa hiyo swali la "halmashauri gani inalipa zaidi?" halina maana kubwa kwenye mshahara wa msingi. Maswali yenye faida ni mawili: mtu ataingia kwa ngazi gani, na mwisho wa mwezi zitabaki ngapi mkononi?

Hatua ya 1: Pata jina kamili la cheo

Mahali pa kuanzia ni Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma unaopatikana kwa anwani ya portal.ajira.go.tz. Sekretarieti hiyo ipo kwa mujibu wa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002, kama ilivyorekebishwa mwaka 2007.

Matangazo ya halmashauri huwekwa pia kwenye tovuti ya halmashauri husika na kwenye mbao za matangazo za ofisi zake. Kwa kawaida huanza kwa kusema kuwa mkurugenzi amepata kibali cha ajira, kisha hufuata orodha ya nafasi, kazi za kila nafasi, sifa za mwombaji na ngazi ya mshahara.

Hapa bonde la Kilombero kuna kosa la kuepuka wakati wa kutafuta. Wilaya ya Kilombero ina halmashauri mbili: ya Mji wa Ifakara, na ya Wilaya ya Mlimba ambayo zamani iliitwa Halmashauri ya Wilaya ya Kilombero. Anayetaka kazi Mngeta, Chita au Utengule atafute Mlimba. Akiandika "Kilombero" peke yake, anaweza kuletewa matangazo ya miaka ya nyuma.

Cheo kiandikwe kama kilivyo kwenye tangazo, pamoja na daraja lake. "Mtendaji" haitoshi. Mtendaji wa Mtaa Daraja la III si Mtendaji wa Kata, na mishahara yao si mmoja. Vivyo hivyo kwa walimu: Mwalimu Daraja la III A ni mwenye cheti, III B ni mwenye stashahada, na III C ni mwenye shahada. Wote wanaitwa walimu, lakini kila mmoja anaanzia ngazi yake.

Hatua ya 2: Soma herufi za ngazi

Mwisho wa kila nafasi kwenye tangazo kuna mstari wa ngazi ya mshahara. Hapo huandikwa kitu kama TGS B au TGTS D. Wengi huupita mstari huo kwa kuwa hauna shilingi, kumbe ndio ufunguo wenyewe.

Herufi za mwanzo zinaonyesha kundi la watumishi:

- TGS ni ngazi za jumla: watendaji, maafisa maendeleo ya jamii, wahasibu, watunza kumbukumbu na wengineo.
- TGTS ni ya walimu.
- TGHS ni ya kada za afya.
- TGOS ni ya kada za wasaidizi wa shughuli za uendeshaji.

Herufi inayofuata, yaani A, B, C, D na kuendelea, inaonyesha ngazi ndani ya kundi. Baada yake huja namba, kwa mfano TGTS D.1. Namba hiyo ni hatua. Anayeanza kazi kwa kawaida huanzia hatua ya 1, kisha husogea hatua kwa nyongeza ya mwaka pale inapotolewa. Kusogea hatua siyo kupanda daraja. Anayepanda daraja anabadilisha herufi.

Jambo moja huwachanganya wengi: B ya kundi moja siyo B ya kundi jingine. Tabibu aliye TGHS B na Mtendaji wa Mtaa aliye TGS B hawalipwi sawa. Kwa hiyo usilinganishe herufi za makundi tofauti ukadhani umelinganisha fedha.

Anayetaka kujua ataishia wapi baada ya miaka kadhaa atafute muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada yake. Hiyo ni nyaraka inayoeleza madaraja yote, sifa za kuingia na masharti ya kupanda. Ina faida kubwa kuliko mshahara wa mwezi wa kwanza. Inaonyesha kada ambazo mtu hugota mapema asipoongeza elimu, na zile zenye ngazi ndefu ya kupanda.

Hatua ya 3: Tafuta tarehe kwenye jedwali

Ukishapata ngazi, kinachobaki ni jedwali linalogeuza herufi kuwa shilingi. Jedwali hilo hutoka kwenye waraka wa mishahara unaotolewa na Katibu Mkuu Utumishi. Kila waraka una mwaka wake na tarehe ya kuanza kutumika.

Tatizo la mtandaoni ni kwamba majedwali ya zamani hayafi. Picha ya jedwali la kabla ya 2022 bado inazunguka kwenye makundi kama mpya. Kurasa za ajira nazo huinakili, hubadilisha mwaka kwenye kichwa cha habari na kuacha namba zile zile.

Kuna kipimo rahisi cha kugundua jedwali lililopitwa. Angalia kima cha chini kabisa kilichomo, kisha ulinganishe na haya:

- Kima cha chini cha 300,000: ni cha kabla ya Julai 2022.
- Kima cha chini cha 370,000: ni cha kuanzia Julai 2022.
- Kima cha chini cha 500,000: ni kile kilichotangazwa kuanza Julai 2025.

Jedwali la watumishi wa Serikali lenye mshahara wa kuanzia chini ya 500,000 ni la zamani, hata kama limepakiwa mtandaoni jana.

Asilimia ya Mei Mosi si ya kila mtu

Hapa ndipo wengi wameumia. Mei Mosi 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza nyongeza, na Serikali ikaeleza kuwa kima cha chini kinapanda kwa asilimia 23.3. Watumishi wengi walichukua mishahara yao wakazidisha kwa asilimia hiyo, na wengine wakaanza kupanga matumizi.

Mishahara ya Julai mwaka huo ilipotoka, malalamiko yalisikika nchi nzima. Asilimia 23.3 ilikuwa ya kima cha chini, kutoka 300,000 hadi 370,000. Waliokuwa juu zaidi walipata asilimia ndogo.

Chukua mfano wa mwalimu mwenye shahada aliyekuwa TGTS D.1. Mshahara wake wa msingi ulitoka 716,000 hadi 771,000. Hiyo ni nyongeza ya 55,000, yaani karibu asilimia 7.7. Aliyepiga hesabu kwa asilimia 23.3 alitegemea zaidi ya 166,000. Kama alishaahidi marejesho ya mkopo kwa matumaini hayo, alipungukiwa zaidi ya 110,000 kila mwezi, na hiyo ni kabla ya makato.

Mei Mosi 2025, mjini Singida, ilitangazwa asilimia 35.1. Nayo ni ya kima cha chini, kutoka 370,000 hadi 500,000. Mtumishi wa ngazi za kati aliyejizidishia asilimia 35.1 alirudia kosa la 2022.

Kanuni yake ni fupi: asilimia ya jukwaani ni habari, waraka ndio mshahara.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mkononi

Mshahara ulioandikwa kwenye jedwali ni wa msingi. Kabla haujafika benki, hupita kwenye makato. Ya lazima kwa mtumishi wa halmashauri ni haya:

- Mfuko wa hifadhi ya jamii PSSSF: asilimia 5 ya mshahara. Mwajiri huongeza asilimia 15 kutoka kwake, haikatwi kwa mtumishi.
- Bima ya afya NHIF: asilimia 3. Mwajiri naye huchangia 3.
- Kodi ya mapato, PAYE, inayokokotolewa baada ya kutoa mchango wa PSSSF.
- Mkopo wa elimu ya juu, HESLB: asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa aliyekopeshwa na hajamaliza kulipa.

Viwango vya PAYE kwa mwezi Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021 ni hivi:

- Hadi 270,000: hakuna kodi.
- 270,001 hadi 520,000: asilimia 8 ya kinachozidi 270,000.
- 520,001 hadi 760,000: 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000.
- 760,001 hadi 1,000,000: 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000.
- Zaidi ya 1,000,000: 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi 1,000,000.

Tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo cha kodi hii kwa asiyetaka kuhangaika na hesabu.

Mfano wa kwanza, mtumishi wa kima cha chini, 500,000:

- PSSSF: 25,000
- Kinachotozwa kodi: 475,000
- PAYE: 16,400
- NHIF: 15,000
- Kinachobaki: 443,600

Mfano wa pili, wa hesabu tu, mhitimu mwenye mshahara wa msingi wa 800,000 na deni la HESLB:

- PSSSF: 40,000
- Kinachotozwa kodi: 760,000
- PAYE: 68,000
- NHIF: 24,000
- HESLB: 120,000
- Kinachobaki: 548,000

Kwa hiyo "laki nane" ya kwenye jedwali inakuwa laki tano na nusu, tena pungufu kidogo. Asiyedaiwa HESLB angebaki na 668,000. Mchango wa chama cha wafanyakazi, kama TALGWU, CWT au TUGHE, haumo kwenye hesabu hizi. Aliye mwanachama aupunguze pia.

Hesabu hii ndiyo ya kulinganisha na maisha yaliyopo sasa. Mtu mwenye ekari za mpunga na pikipiki ya bodaboda Ifakara anaweza kuwa anaingiza kiasi kinachokaribia hicho kwa miezi ya mavuno, ila si kwa miezi ya mvua. Mshahara wa halmashauri una uzito wa kuwa wa kila mwezi, una bima na una pensheni. Lakini ukimpeleka mtu mbali na shamba lake, kodi ya chumba na vibarua wa kumlimia vinaanza kuula. Hayo hayaandikwi kwenye jedwali lolote.

Yasiyoonekana kwenye jedwali

*Posho.* Baadhi ya vyeo vina posho juu ya mshahara. Kwa mfano, katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali ilitangaza posho ya madaraka ya 100,000 kwa mwezi kwa watendaji wa kata. Fedha kama hiyo huioni kwenye ngazi za TGS. Posho zinazotegemea mapato ya halmashauri zinaweza pia kuchelewa pale makusanyo yakiwa madogo. Hapa ndipo halmashauri moja hutofautiana na nyingine.

*Fedha za kuanzia kazi.* Mwajiriwa mpya ana haki ya fedha za kujikimu anaporipoti kituoni. Aulize mapema zinalipwa lini. Anayeripoti kijiji cha mbali Mlimba akiwa na nauli tu mfukoni anaweza kuanza kazi kwa kukopa.

*Ajira za mapato ya ndani.* Siyo kila anayefanya kazi ofisi za halmashauri yuko kwenye ngazi za Serikali. Wapo wanaolipwa kwa mkataba wa muda kutoka mapato ya ndani, kama baadhi ya wakusanya ushuru, walinzi na wafanya usafi. Malipo yao yako kwenye mkataba. Kabla ya kusaini, mtu asome muda wa mkataba, kiasi, tarehe ya malipo na kama atachangiwa mfuko wa hifadhi ya jamii.

*Wenyeviti wa mitaa na madiwani.* Hawa ni viongozi wa kuchaguliwa. Wanapata posho, hawako kwenye ngazi za mishahara ya watumishi.

Tovuti za kuulizia watu mishahara zina nafasi gani?

Zipo tovuti zinazokusanya mishahara kwa kuwauliza wafanyakazi wenyewe. Inayojulikana zaidi kwa Tanzania ni Mywage, iliyo chini ya WageIndicator, shirika lililoanzia Uholanzi. Mtu hujaza fomu kuhusu kazi yake na anacholipwa, kisha majibu ya wengi hutumika kuonyesha makadirio ya mshahara wa kazi hiyo.

Kwa kazi za halmashauri, tovuti za aina hii ni msaada wa pili tu. Anayejaza anaweza kuandika mshahara wa msingi, mwingine akaandika anachopokea baada ya makato, na wa tatu akajumlisha posho. Majibu ya kijijini huwa machache kuliko ya mjini. Kama kuna waraka wenye namba rasmi, makadirio hayawezi kuushinda.

Mahali zinapofaa zaidi ni kwenye sekta binafsi, ambako hakuna ngazi moja ya kitaifa zaidi ya kima cha chini cha kisheria kwa kila sekta. Mkazi wa Ifakara anayechagua kati ya kazi ya halmashauri na kazi ya kiwanda cha sukari Kidatu, hoteli au taasisi ya utafiti anaweza kuzitumia kupata picha. Alinganishe msingi na msingi, au mkononi na mkononi. Asichanganye.

Kwa nini mishahara ya umma iwekwe wazi

Kuna faida nyingine zaidi ya mwombaji kujua atalipwa nini. Mji mdogo wa Bell, jimbo la California nchini Marekani, ulikuwa na watu wasiofika 40,000, wengi wao wa kipato cha chini. Julai 2010, gazeti la Los Angeles Times lilifichua kuwa meneja wa mji huo, Robert Rizzo, alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka. Wakazi hawakuwa wakijua. Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2014. Baada ya kashfa hiyo, mdhibiti wa fedha wa jimbo aliitaka miji kuwasilisha taarifa za mishahara na kuziweka mtandaoni kwa kila mwananchi kuona.

Kenya nayo ina Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, iliyoundwa kwa Kifungu cha 230 cha Katiba ya 2010. Viwango inavyoweka kwa maafisa wa Serikali, wakiwemo wa kaunti, huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali.

Tanzania ilipata somo lake mwaka 2016, uhakiki ulipobaini maelfu ya watumishi hewa waliokuwa wakilipwa, wakiwemo wa halmashauri. Hadi leo ripoti ya kila mwaka ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuhusu Serikali za Mitaa huangalia malipo ya mishahara. Ripoti hiyo hupatikana bure mtandaoni baada ya kuwasilishwa bungeni.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Anayeshindwa kupata ngazi ya mshahara ya cheo fulani anaweza kuandika barua kwa mkurugenzi. Lakini kuna mpaka: kuuliza cheo kinalipwa ngazi gani ni haki, kutaka hati ya mshahara ya jirani yako ni kuingilia taarifa zake binafsi.

Kwa aliye kazini tayari

Mtumishi hahitaji kubahatisha. Taarifa zake ziko kwenye mfumo wa huduma kwa watumishi, ess.utumishi.go.tz, anaoingia kwa kutumia cheki namba yake. Humo pia hupitishwa maombi ya uhamisho, likizo na mikopo.

Kila mwezi aangalie mambo manne kwenye hati yake ya malipo, ile watu wanayoiita salari slipu:

1. Cheo na ngazi vinafanana na barua ya mwisho ya kuajiriwa au kupandishwa daraja?
2. Hatua imesogea pale nyongeza ya mwaka ilipotolewa?
3. Michango ya PSSSF inakatwa kwa kiasi sahihi?
4. Kuna kato lolote asilolitambua?

Barua ya kupanda daraja ikitoka na mshahara usibadilike, tofauti hiyo ni malimbikizo. Afike kwa afisa utumishi wa halmashauri akiwa na barua, hati za mshahara na tarehe. Anayekaa kimya mwaka mzima hupata kazi kubwa zaidi ya kufuatilia.

Na kwa mikopo, ipo kanuni ya theluthi moja: makato yote hayatakiwi kumwachia mtumishi chini ya theluthi ya mshahara wake wa msingi. Kwa mwenye 800,000, theluthi ni karibu 266,667. Yule mhitimu wa mfano wetu aliyebaki na 548,000 ana nafasi ya makato ya mkopo yasiyozidi takriban 281,000 kwa mwezi. Benki hulazimika kufuata mpaka huo. Wakopeshaji wa kausha damu wanaoshikilia kadi ya benki hawaufuati, ndiyo maana kuna watumishi wanaomaliza mwezi bila shilingi ingawa hati yao inaonyesha wamelipwa.

Dalili za tangazo la kitapeli

Mshahara mkubwa ndio chambo. Tangazo halisi la halmashauri hutaja ngazi, wala halihitaji kukushawishi kwa mamilioni. Shtuka ukiona haya:

- Kiasi cha fedha kimeandikwa, ngazi haipo.
- Unaombwa hela ya fomu, ya usaili au ya "kuwekwa kwenye orodha". Kuomba kazi kupitia Ajira Portal hakulipiwi.
- Maombi yanatumwa kwa namba ya simu ya mtu au barua pepe ya kawaida.
- Unaambiwa umepata kazi ambayo hukuiomba. Majina ya walioitwa kwenye usaili na walioitwa kazini hutangazwa hadharani kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira.

Kabla hujabonyeza kuomba

Kwenye daftari au kwenye simu, andika vitu vitano: jina kamili la cheo, ngazi, mwaka wa waraka uliotumia, kiasi cha mkononi baada ya makato, na gharama ya kuhamia kituoni. Ukikosa kimoja, hujajua mshahara bado.

Kazi hii ni ya nusu saa kwa anayejua pa kuangalia. Nusu saa hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kuamua kwa namba za kweli kama auze magunia aende kwenye usaili, au abaki na shamba lake asubiri tangazo jingine.